Bibi Ni Yupi?

Fundi cherehani alikuwa na picha moja ya zamani. Wanawake watatu wamesimama mbele ya pazia. Mmoja wao ni bibi yake mzaa mama. Yupi? Hakujua. Mama yake alifariki bila kumwonyesha. Aliyebaki karibu wa kumwuliza ni mama mkubwa tu, dada wa mama yake, naye alikuwa haoni tena.

Siku moja fundi alimfuata sebuleni, hamu imemjaa.

"Mama mkubwa, babu wa babu yetu alitoka wapi? Mwaka gani?"

"Unaniuliza mimi? Kwani nilikuwepo?"

Mama mkubwa akaongeza sauti ya redio. Mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi alirudi kwenye cherehani yake amenuna. Jirani yake, mkutubi wa maktaba ya mtaa, alikuja kuchukua sketi. Aliposikia kisa hicho alicheka.

"Dada, umeanza mbali mno. Ukoo unaanza na wewe. Kisha mama yako, kisha mama yake. Na mzee usimbane kwa miaka. Mwulize mambo aliyoyaona mwenyewe: nyumba, kazi, nguo. Mwonyeshe picha."

"Picha ninayo, lakini yeye haoni."

"Si wewe unaona? Mwelezee. Akisema kitu, andika, na uandike nani kasema. Kisha muulize ndugu mwingine, ulinganishe."

Kesho yake fundi alikaa karibu na mama mkubwa. Akaeleza picha kifundi fundi.

"Wa kushoto gauni lake lina kola ya duara. Wa kati, lina marinda. Wa kulia... jamani! Mkono mmoja umefika vidoleni, mwingine umeishia kwenye kiwiko. Fundi gani huyu kamharibia mtu nguo?"

Mama mkubwa akacheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi ni mimi! Nilikuwa mtoto, najifunza kushona. Watu wakamwambia mama asilivae. Akasema, 'Kanishonea mwanangu. Nitalivaa nipigie picha.'"

Fundi alimtazama bibi yake kwa mara ya kwanza. Machozi yakamtoka kwa furaha. Nyuma ya picha aliandika kwa penseli, taratibu: "Wa kulia ni bibi. Kasema mama mkubwa."

Alimpigia simu mjomba wake aliyeishi mbali. Naye alilikumbuka gauni lile, akaongeza na habari za wale wanawake wengine.

Baadaye mama mkubwa alimwita mwenyewe.

"Njoo na ile picha, mwanangu. Nieleze uso wa mama. Nimeanza kuusahau."

Fundi akasogea karibu, akaanza na paji la uso.