Aliyemwona Jukwaani Akaondoka

Jumapili, stesheni ya Crewe, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ya samaki na waigizaji. Watu wenye akili zao walibaki nyumbani wakila nyama ya kuoka, maana treni za siku hiyo zilitambaa, basi njia ikaachiwa mabehewa ya samaki yanayowahi soko la London na makundi ya maigizo yanayohama mji mmoja kwenda mwingine. Mwaka ule wa hamsini na sita palikuwa hapapitiki kwa vikapu vya mavazi, mbwa, watoto wachanga, na watu waliokumbatiana kwa kelele halafu wakasengenyana kabla treni haijaondoka.

Katikati ya vurugu hiyo Thelma Entwistle alikuwa amekalia sanduku la mbao, peke yake. Alikuwa msichana mrefu, mdomo mpana, macho ya kijivu; si mrembo wa kugeuza shingo, lakini ukishamtazama mara moja hukutaka kuacha. Alivaa koti la kijani lenye kola ya manyoya aliyoazimwa na Dilys Pargeter, mwigizaji wa makamo aliyekuwa akipanga naye chumba. Midomo yake ilikwenda kasi na sauti haikutoka.

"Samahani, dada. Umekalia samaki wangu."

Thelma akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mwenye mabega mapana, suti nyeusi ya kanisani, nywele zimelowanishwa zikachanwa. Harufu ya samaki wa moshi ilikuwa imetangulia kufika.

"Samaki wako hawajalalamika."

"Wamekufa."

"Basi nimewazoea. Wiki nzima nilikuwa nawaigizia watu wa Wigan."

Kijana alicheka, akasahau kwamba alikuja kuchukua sanduku. Jina lake lilikuwa Clifford Rimmer, mtoto wa mwuza samaki wa Fleetwood, na kila Jumapili alisindikiza mzigo wa baba yake mpaka hapo Crewe kuhakikisha haupandishwi treni ya Scotland. Akauliza dada alikuwa anaongea na nani.

"Na mume wangu," Thelma akasema. "Nilimuua jana jioni. Kesho namuua tena, ila kesho ni kwa sumu."

"Kakukosea nini maskini?"

"Anauliza maswali mengi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kundi la Thelma lilipita Crewe karibu kila Jumapili, na samaki nao hawakuacha kupita, basi wawili hao wakawa na meza yao kwenye chumba cha chai, pembeni, mbali na mlango ulioingiza baridi. Clifford alileta samaki wa moshi waliofungwa kwenye gazeti. Thelma alileta habari za miji, za wenye nyumba wanaofunga bafu kwa kufuli, za mzee mmoja wa kundi lao aliyesinzia akiwa anaigiza maiti akakoroma. Kilichomkera Clifford ni kimoja tu: kwa Thelma kila mtu aliitwa mpenzi. Mbeba mizigo, mpenzi. Mama wa chai, mpenzi.

"Hivi unao wangapi?" aliuliza siku moja, uso umemwiva.

"Sisi waigizaji tunasahau majina, bwana samaki. Ukisikia nimekuita mpenzi, ujue nimekusahau."

Katikati ya wiki walipigiana simu. Thelma ndiye aliyepiga siku zote, kutoka vibanda vya mitaani, kwa kuwa leo alikuwa Preston na wiki ijayo Stockport; yeye Clifford angempigia wapi? Simu ya Fleetwood ilikuwa ofisini kwa baba yake, gatini, na mzee Rimmer aliipokea kwa kupiga makelele, akidhani waya peke yake hautoshi kufikisha maneno.

"Ni yule muuaji wako!" angetangaza, na gati zima likajua.

Lazima niseme kuhusu kipaji cha msichana huyu, kwa sababu wengi wamekisifu bila kujua kilikotoka. Mama yake alifuma kwenye kiwanda cha pamba cha Burnley. Kelele za mitambo mle hazikuruhusu sauti ya mtu kusikika, kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo na uso, chumba kizima, umbea kamili na siri za ndoa zikavuka mitambo kumi bila mtu kutoa sauti. Thelma aliyajua mazungumzo hayo tangu utotoni. Alipofika jukwaani, aliweza kunyamaza na mtu wa kiti cha mwisho akasikia alichonyamazia. Nimeishi na waigizaji maisha yangu yote na sijaona mwingine wa namna hiyo.

Meneja mmoja alimwambia Entwistle ni jina refu na la kishamba, alibadilishe. Thelma akamjibu kwamba bango likiwa fupi waongeze mbao. Wakaongeza.

Majira ya kuchipua, bwana mmoja kutoka London alimwona akiigiza Preston, akampa nafasi kubwa katika mchezo mpya wa kufunguliwa West End, mtaa wa kumbi kubwa za London. Jumapili iliyofuata Clifford alisikiliza habari hiyo, akasukuma kikombe pembeni, akaushika mkono wa Thelma juu ya meza. Thelma akajua kinachokuja. Akamziba mdomo kwa mkono uliobaki huru.

"Usiseme," akamwambia. "Hujaniona bado."

"Nakuona kila wiki."

"Unamwona mtu anayekunywa chai. Mimi ni yule wa kule jukwaani, Cliff, na hujawahi kumtia machoni. Wanaume wengi wananipenda mimi halafu wanamchukia yeye. Wanataka niache. Njoo London unione kazini. Ukishaniona, kama bado una neno, sema."

"Na nikikosa neno?"

"Nitaelewa."

Akakubali. Kwa hiyo mnaona mambo yalivyokuwa: usiku wa kwanza wa mchezo ule ulibeba kazi ya Thelma na ndoa yake kwa pamoja.

Sasa, sisi watu wa maigizo tuna sheria zetu. Mwigizaji haambiwi kabla ya pazia ni nani amekuja kumtazama, ukimwambia utamvuruga. Na rafiki akishatazama, lazima aje nyuma, chumba cha kuvalia, hata kama mchezo ulikuwa ovyo. Anakuja, anakumbatia, anasema "mpenzi, umewamaliza," anakunywa kidogo, anaondoka. Asipokuja, maana yake ni kwamba amechukizwa kiasi hata uongo umemshinda. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu. Watu wamenuniana miaka kwa sababu hiyo.

Clifford alikuja. Alikaa juu kabisa, kwenye mabenchi ya bei ya chini, na ile suti yake ya kanisani. Akamwona Thelma akiwa mke wa mtu aliyehukumiwa kifo, gauni la kijivu, nywele zimebanwa, hana hata pambo. Katika tendo la mwisho mke yule anaambiwa mumewe ameshanyongwa. Anaitikia kwa adabu, anakunja kitambaa cha meza, kisha analia. Na kabla ya machozi anasema jina la mumewe kwa midomo tu. Ukumbi mzima ulilisikia. Pazia liliposhuka watu walisahau kupiga makofi, halafu wakakumbuka wote kwa mkupuo, wakasimama.

Chumba cha kuvalia kikajaa. Manyoya, manukato, maua, mpenzi huku na mpenzi kule. Bawabu wa mlango wa nyuma, mzee Tapley, alisubiri mpaka watu wapungue ndipo akamwambia Thelma kwa furaha kwamba yule kijana wa samaki anayemsimulia kila siku alikuwemo, alimtambua kwa suti na harufu akipanda kule juu.

Thelma akakaa mbele ya kioo, rangi imefutwa upande mmoja wa uso. Kila mlango wa nje ulipolia aligeuka. Aliingia mkosoaji, akaingia shangazi ya mwenye ukumbi, akaingia mtu aliyepotea njia. Clifford hakuja.

"Labda hajui njia," akasema.

"Njia haimshindi mtu anayetaka kufika," akamjibu taratibu Dilys, aliyepata naye nafasi ndogo katika mchezo huo, akiendelea kufuta rangi yake mwenyewe. "Amekuona, mwanangu. Ameshasema."

Thelma akaelewa, au alidhani ameelewa. Hakupiga simu wiki hiyo, wala wiki iliyofuata, wala baada ya hapo. Iliuma vibaya sana. Aliigiza kila jioni, magazeti yakamwimba, akachukuliwa kwenye filamu asubuhi na mapema na kurudishwa ukumbini jioni. Kamera ilimpenda kuliko hata jukwaa, kwa sababu kamera iko karibu na uso, na uso wa Thelma ndio uliokuwa ukizungumza. Akapigwa picha na mwenzake wa kwenye filamu, bwana mwenye meno mazuri na akili za wastani. Picha ikafika Fleetwood kwenye gazeti la kufungia samaki. Clifford aliitoa, akainyoosha kwenye goti, akamfungia mteja samaki wake kwa ukurasa mwingine.

Kwa nini hakwenda nyuma? Kwao Fleetwood mwanamume haingii chumba ambamo mwanamke asiye mkewe anabadilisha nguo, na mlango ambao hukukaribishwa hugongi. Alisimama ng'ambo ya barabara akitazama manyoya yakiingia, akijinusa mkono wa koti. Akajiambia ataitwa. Kisha akajiambia atapigiwa simu, maana siku zote Thelma ndiye aliyepiga. Simu ilipokaa kimya, naye akaelewa, au alidhani ameelewa.

Miezi ikapita. Mchezo ulipokaribia kufungwa, Wamarekani wakaleta mkataba: miaka saba ya filamu, huko huko kwao, jibu kabla ya Ijumaa. Dilys akasema asaini kabla wino haujakauka. Thelma akachukua kalamu, akaiweka, akachukua tena. Mwishowe akavaa koti juu ya gauni la nyumbani, akashuka kutoka chumba cha kuvalia mpaka simu ya mzee Tapley mlangoni. Alitaka kusikia hukumu kwa masikio yake kabla hajavuka bahari.

"Nani?" akapiga kelele mzee Rimmer.

"Thelma, bwana Rimmer."

"Wewe ndiye uliyeniharibia mtoto?"

"Mimi?"

"Tangu atoke London hana habari nyingine. Kanyongwa mume, kakunja kitambaa, kalia. Anawasimulia wapakuaji, anamsimulia padri. Huku gatini mchezo wako tumeujua wote, mabaharia wawili wamelia, na sisi hatujaona hata pazia. Ungemwambia tu kama humtaki, binti, tungepumzika."

Kisha sauti aliyoikosa miezi yote hiyo ikafika kwenye waya.

"Thelma."

"Kwa nini hukuja nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Chumbani kwangu, Cliff. Baada ya mchezo."

"Ulikuwa unavaa."

"Kulikuwa na watu thelathini!"

"Mimi hawakunikaribisha."

"Hakuna anayekaribishwa. Unakuja tu. Ndiyo sheria. Usipokuja maana yake umechukizwa."

Mzee Tapley, aliyejifanya anasoma gazeti, akainua kichwa.

"Nimechukizwa," Clifford akarudia polepole. "Thelma, nilikaa pale juu mpaka wafagiaji wakaniomba niondoke. Sikuweza kusimama. Ningekwambia nini mimi, mbele ya wale watu? Sina maneno yao."

"Mimi ninayo yao kabati zima. Nilikuwa nangoja yako." Sasa alikuwa akilia, na hakuna aliyemlipa kulia. "Kesho tuna onyesho la mchana. Ukishaniona, uje nyuma. Ugonge, uingie, hata kama niko na taulo kichwani."

Kesho yake akaja. Mzee Tapley, kwa kuheshimu sheria, hakusema neno mpaka pazia limeshuka, ingawa alikuwa akitabasamu peke yake tangu saa nane. Mlango ukagongwa. Dilys akafungua, akamtazama kijana juu mpaka chini, akakumbuka ana shughuli ya haraka sana mahali pengine.

Clifford akaingia na kofia mkononi. Thelma alikuwa bado kwenye lile gauni la kijivu, macho mekundu, mkataba wa Wamarekani umelala kati ya chupa za rangi. Akamweleza ni kitu gani, bila kuficha mwaka hata mmoja. Clifford akausoma wote, mbele na nyuma.

"Filamu uende, nitakungoja," akasema. "Ila hapa wanasema miaka saba usikanyage jukwaa. Utaweza?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemuuliza hilo. Thelma akatikisa kichwa.

"Basi waambie wakupe filamu moja moja. Wakikataa, wamekosa wao."

"Na wewe? Umeniona mara mbili. Una neno?"

Clifford akaiweka kofia juu ya kiti.

"Yule mama wa kule jukwaani, nilitaka kupanda nimchukue nimpeleke nyumbani," akasema. "Halafu nikaona si wangu. Ni wa watu wote mle ndani, wanamhitaji. Sitawanyang'anya. Wao wawe naye kila jioni. Mimi naomba atakayebaki wakishaondoka. Nataka kukuoa, Thelma."

Akasema ndiyo. Akasema mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilimezwa na koti la Clifford.

Wamarekani walinuna, kisha wakakubali filamu moja moja. Thelma Entwistle aliigiza miaka arobaini na zaidi, hapa na kwao, na kila alipopanda jukwaani niliacha nilichokuwa nafanya. Lakini jioni ya siku ile aliyoitikia ndiyo, alipoambiwa jukwaani kwamba mumewe amenyongwa, alikunja kitambaa cha meza na machozi yakakataa kabisa kuja. Alijaribu kila njia. Mjane akasimama pale anameremeta, na mwongozaji nyuma ya pazia akajishika kichwa. Nadhani ndilo onyesho baya pekee alilotoa maishani, na Clifford Rimmer, aliyekaa safu ya mbele, hakuona kosa lolote.