Maji Yaliyoambiwa Yatulie

Jumatatu ile Aristides alipofungua studio alikuta maji sakafuni, kwenye kona ya pazia, na Moshi ilikuwa haijaona mvua kwa wiki tatu. Akapiga deki, akamlaumu paka, akaendelea na kazi. Paka gani anamwaga maji baridi yenye harufu ya mto, hakujiuliza, na mimi simlaumu. Mtu mwenye picha arobaini za pasipoti za kusafisha hana muda wa kumchunguza paka.

Studio ilikuwa ya Mzee Kishor, na mwaka huo wa 1993 mzee alitaka kalenda ya duka. Ijumaa alikuwa amemtuma Aristides kwenye maporomoko, mlimani juu ya Rau, alete picha mbili. Moja shata, kile kifuniko cha kamera kinachopitisha mwanga, iende taratibu, maji yatoke laini kama maziwa yanayomiminwa. Nyingine shata ikimbie, sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila tone ligande hewani. Aristides alikwenda na binti yake Elisifa, mwenye miaka saba. Tangu mkewe afariki hakuwa na mwingine duniani, na hakupenda kumwacha hata saa moja.

Ile ya taratibu aliipiga kimya. Ya kasi ndiyo iliyomponza. Miaka kumi na minne ya studio ilikuwa imemzoesha maneno mawili: kabla ya kubonyeza, "Tulia", baada ya kubonyeza, "Tayari", na hapo ndipo mteja hushusha pumzi, hukuna pua, huenda zake. Kwa mazoea akayaambia maji, "Tulia," akabonyeza. Elisifa akacheka kumsikia baba akiongea na mto. Wakakunja kamera wakashuka. Neno la pili hakulisema. Mto si mteja.

Jumatatu hiyo hiyo, katika chumba cha giza, picha ikajitokeza polepole ndani ya dawa. Matone yote yalikuwa yameganda, na katikati yake alisimama mwanamke, mikono ubavuni, kidevu juu kidogo, akitazama lenzi kama wateja wa pasipoti wanavyofundishwa. Aristides aliificha picha ile chini ya makaratasi. Aliogopa, basi.

Jumatano jioni, wakirudi nyumbani Shirimatunda, mkono wa Elisifa ulikuwa wa baridi na viatu vyake vimelowa. Njia nzima hakumwita baba hata mara moja. Asubuhi akaamka mzima, akaomba uji, na Aristides alipomuuliza akajibu kwa sauti ya chini.

"Nampokea zamu, baba. Amechoka kusimama pale kwenye kona. Nikimshikia nafasi, yeye ananivaa anatembea kidogo. Anasema wewe ndiye uliyemsimamisha."

Aristides akamweleza Mzee Kishor yote, picha ikiwa mezani. Mzee aliitazama, akaenda kufunga mlango.

"Hili ni jini, na linatii," alinong'ona. "Fungua shata sekunde thelathini. Kinachotembea hakitashika kwenye picha. Kinachosimama kitashika, hata kama macho hayakioni. Ukijua nani yuko kwenye kona, mwambie lile neno la pili aende."

Wakazima taa zote isipokuwa moja. Elisifa akaambiwa azunguke studio bila kusimama, na shata ikafunguliwa. Kisha wanaume wawili wakajifungia kwenye chumba cha giza, kazi ya nusu saa, wakisikia nje hatua za mtoto zikizunguka, zikizunguka, mara zikanyamaza, mara zikaanza tena nzito kidogo, zikichuruza maji, na harufu ya mto ikipenya chini ya mlango, na Aristides akiitikisa trei ya dawa, hadi karatasi ikaonyesha studio tupu bila hata kivuli cha mtoto, na kwenye kona, wazi kabisa, yule mwanamke.

Aristides alitoka mbio, karatasi ikidondosha dawa, akasimama mbele ya kona.

"Tayari, mama. Nisamehe. Nenda zako."

Nyuma yake Elisifa akashusha pumzi ndefu. Akakuna pua. Akafungua mlango akatoka, akashika barabara ya mlimani kwa mwendo ambao mtoto hana. Picha ilikuwa ya nusu saa iliyopita, na tangu hapo mtoto na yule mwanamke walikuwa wamebadilishana zamu.

Mzee Kishor akamkimbilia akipiga kelele, watu wakatoka madukani kumsaidia. Aristides hakwenda. Alikuwa amekaa kwenye sakafu yenye maji, maana kona ilikuwa imemwita.

"Baba, miguu inauma," ilisema sauti ya mwanawe. "Na mimi niambie tayari."

Akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, neno lisimtoke na mwanawe naye akaenda zake.