Chipu Iliyogeuzwa

Kila akitoka shule, Sisimizi hupitia kwenye kibanda cha mama yake, fundi simu. Wenzake walimpa jina hilo kwa udogo wake na kwa kuwa hatulii. Hufagia kibanda, kisha hufanya kazi za shule kwenye kona ya meza.

Siku hiyo hakuwa na nguvu hata za kushika ufagio. Klabu ya sayansi ilikuwa ikitengeneza king'ora cha kuonya tangi la maji la shule linapokaribia kukauka, na yeye alipewa kazi ya kulehemu chipu, kifaa cha umeme chenye miguu midogo ya chuma. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha, na miguu yake haikuingia kwenye matundu ya kawaida ya bodi ya king'ora. Ilibidi ibandikwe kwanza juu ya kibao chenye miguu mikubwa. Klabu ilikuwa na chipu hiyo moja tu.

"Lala kidogo kwanza," mama alimwambia. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa kazi.

"Mama, wanaisubiri. Kesho asubuhi tunaiwasha."

"Haya. Mimi nimeshasema."

Alilehemu huku akipiga miayo. Miguu yote ilishika vizuri. Lakini alipoikagua kwa kioo cha kukuzia, alinyong'onyea. Nukta inayoonyesha mguu wa kwanza ilikuwa upande usiofaa. Alikuwa ameigeuza chipu. Ikipata umeme, itaungua.

Hapo akaingia rafiki yake wa klabu, Spika, msichana ambaye mdomo wake haupumziki.

"Shoga, umemaliza? Inang'aa hiyo. Lete nimpelekee mwalimu."

Sisimizi akampa. Kuanza upya hakuweza, mabega yalimuuma. Ikiungua kesho, watasema betri ilikuwa kali, na nani atajua? Spika alikuwa ameshafika mlangoni.

"Spika, rudi. Nimeibandika kinyume."

"Kinyume? Na kioo chote hicho?" Spika alicheka. "Basi tukuvalishe miwani ya bibi."

Mama hakucheka. Alishusha pumzi, akaweka kando simu ya mteja, akawasha mashine ya hewa moto. Lehemu ilipoyeyuka, aliinyanyua chipu kwa kibano.

"Ni nzima," alisema. "Leo huigusi tena. Nenda ukalale."

Alfajiri, akiwa amelala vya kutosha, Sisimizi alitazama nukta kabla ya kushika chochote, akalehemu upya. Asubuhi hiyo king'ora kililia hadi mwalimu akaziba masikio.

Alipomsimulia mama yake jioni, mama alikuwa ameegemea ukuta, amevua viatu.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini sikiliza. Kuigeuza chipu kulitokana na ubishi wako. Nilikwambia ulale, hukulala. Mwili uliochoka hukosea, hata wangu. Ila ungenyamaza, hapo usingeweza kusingizia uchovu. Ukikosea, sema kabla umeme haujawashwa. Wakati huo bado kuna cha kuokoa."