Ukurasa Haupatikani

Asubuhi hiyo, kama kawaida, Chapuchapu alikuwa ameshaoga, ameshafagia ua na kupaka kiatu kimoja rangi. Cha pili alikipangusa kwa soksi. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa kila kazi aliyoianza alitamani iwe imekwisha.

Alikuwa akipuliza chai simu ya mama ilipolia. Aliyepiga alikuwa mama mdogo, na sauti yake ilisikika hadi mezani.

"Dada, hiyo tovuti ya shule ina nini? Tangu jana nabonyeza fomu ya kujiunga, naambiwa ukurasa haupatikani. Leo ndiyo mwisho, na mwanangu hapa ameshaanza kulia!"

"Haiwezekani," mama alisema. "Binti yetu ndiye aliyeikagua. Si ndiyo, mwanangu?"

Chapuchapu alipaliwa na chai. Akachukua mkoba, akatoka mbio.

Juzi yake, mwalimu wa kompyuta alimpa kazi ya kupanga mafaili ya tovuti. Akishamaliza, abonyeze kila kiungo, yaani yale maandishi ya bluu yanayokupeleka ukurasa mwingine, ahakikishe kinafunguka. Kupanga alipanga. Hata majina ya mafaili aliyabadilisha ili yapendeze. Lakini kubonyeza kimoja kimoja kulimchosha, na wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Akabonyeza viwili vitatu vya juu, akasema, "Mwalimu, vyote vinafunguka." Mwalimu akamwamini.

Darasani hakukalika. Mara achonge penseli iliyochongoka, mara achungulie dirishani. Mwalimu wa hisabati alipomuuliza jibu, alijikuta akisema, "Haupatikani." Darasa zima likaangua kicheko.

Alifikiri kurekebisha kimyakimya, lakini ufunguo wa chumba cha kompyuta alikuwa nao mwalimu wa kompyuta. Na kila alipotafuta hila nyingine, alimwona binamu yake akilia. Walikuwa wamepanga kusoma pamoja, wakae dawati moja. Kengele ya mapumziko ilipolia, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu huyo.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikubonyeza vyote. Na fomu ya kujiunga haifunguki."

Mwalimu akachukua ufunguo. "Twende tukaone."

Walibonyeza kiungo. Ukurasa ukaja mtupu, na maneno yale yale aliyoyasikia asubuhi.

"Faili hili liliitwaje zamani?" mwalimu aliuliza.

"Fomu tu. Mimi nikaliita fomu ya wanafunzi wapya."

"Basi kiungo bado kinalitafuta kwa jina la zamani. Umehamisha mtu bila kuwaambia majirani. Mgeni akija, anabisha hodi kwenye nyumba tupu."

Chapuchapu akaandika jina jipya ndani ya kiungo, akabonyeza. Fomu ikafunguka! Mwalimu akampigia mama yake, naye akaahidi kumwarifu mdogo wake mara moja.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kukiri. Ili asiendelee kuitazama simu, Chapuchapu alianza kubonyeza viungo vilivyobaki. Ratiba ya mitihani haikufunguka. Picha za sare hazikufunguka. Alirekebisha kimoja, akakijaribu, ndipo akaenda kingine. Vidole vilitaka kuruka, akavizuia.

Simu ikalia. Mwalimu alisikiliza, akatabasamu. "Mama yako anasema fomu imejazwa na imepokelewa. Binamu yako sasa anaulizia dawati."

Chapuchapu alicheka, machozi yakimlengalenga. "Samahani, mwalimu. Hiyo tovuti ilituaibisha sana."

"Tovuti haina kosa," mwalimu alisema kwa upole. "Ulipoiharibu, ilisema kweli mbele ya kila mtu: ukurasa haupatikani. Aliyesema unapatikana ni wewe. Kuharibu kazi si aibu, mwanangu, sote tunaharibu. Lakini ukificha, nani atakusaidia kutengeneza? Mficha uchi hazai."

Nje, wenzake walikuwa wakipiga kelele za mpira. "Chapuchapu! Huji?"

"Bado," alijibu, akabonyeza kiungo kilichofuata.