Yusta Alimeza Kidonge Mume Akiwa Njiani

Jamani, ngojeni niwape habari ya dada yangu Yusta. Kaniruhusu mwenyewe. Kasema, "Waambie, wengi hatujui."

Dada Yusta anauza nyanya barabarani, hapa Ilula. Basi likisimama tu, anakimbia na sado mbili, vile vindoo vya kupimia. "Nyanya, kaka! Ngumu hizi, zinafika Dar!" Mimi nasoma chuo Iringa mjini. Nikiwa likizo namsaidia kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Mume wake, shemeji Filemoni, analima mpunga Madibira. Akienda huko, anakaa miezi.

Siku moja simu ikalia. Dada akasikiliza, akacheka peke yake.

"Shemeji yako kamaliza kuvuna. Kesho yuko hapa."

Halafu akafungua pochi. Akatoa paketi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ilikuwa haijaguswa. Akatoa kimoja, akameza na maji.

"Tayari. Kesho aje tu."

"Dada! Ndo unaanza leo?"

"Sasa nilikuwa nameza kwa ajili ya nani? Ya hizi nyanya?"

Mama Ezron, muuza vitunguu wa pembeni yetu, alicheka mpaka akashika kiuno. Akageuka, akatuonyesha mtoto mgongoni.

"Yusta, unamwona huyu? Mimi nilifanya hivyohivyo. Mume yuko stendi, mimi kidonge mdomoni. Ezron huyo!"

Dada hakucheka. Aliweka mkono chini ya tumbo, penye kovu. Mtoto wake Blessing alizaliwa kwa upasuaji, na dada alitoka damu nyingi mno. Daktari alimwambia akae angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Na Blessing ndo kwanza ana mwaka na nusu.

"Mama Ezron, tushikie nyanya," nikasema. "Tunaenda zahanati."

Nesi Damari alitupokea vizuri, kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mama Blessing."

"Kamwene, nesi. Vile vidonge ulivyonipa, nimeanza leo."

"Leo? Si nilikwambia uanze siku ileile?"

"Ulisema. Lakini baba Blessing alikuwa keshaondoka. Nikaona napoteza dawa bure."

Nesi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sikia, dada. Vidonge hivi havifanyi kazi kwa sababu mume yupo. Vinafanya kazi kwa sababu umemeza kila siku. Vinazuia yai lisitoke, na mwili unahitaji muda. Hedhi yako ya mwisho ilianza lini?"

"Kama wiki mbili zimepita."

"Ungeanza ndani ya siku tano za kwanza za hedhi, ungekuwa na kinga papo hapo. Sasa umeanza katikati. Kwa hiyo meza kila siku, na hizi siku saba za mwanzo tumieni kondomu, au msikutane kabisa. Ukimeza siku saba bila kuruka, kinga imekamilika."

"Siku saba! Mtu katoka Madibira!"

"Ndo maana nakupa kondomu. Na hizi zinakinga UKIMWI pia. Vidonge havikingi."

Dada akaziangalia tu. "Nikimpa hizi, si ataniuliza nilikuwa na nani?"

"Mwambie ukweli wote. Ukificha ndo atawaza mengine."

Nesi akampima presha. Akamuuliza kama anavuta sigara, kama ananyonyesha. Dada havuti, na Blessing kashamwachisha ziwa. "Ukiona mguu umevimba, kifua kinabana au kichwa kinauma sana, njoo haraka," akasema nesi. "Paketi ikiisha, kesho yake anza nyingine. Awepo, asiwepo!"

Kesho yake alasiri shemeji akashuka na gunia la mchele mpya. Tulicheka, tukala. Halafu mimi nikakaa nje na ungo, napepeta mchele. Masikio yangu yote yalikuwa ndani.

"Baba Blessing," dada akasema, "vidonge nimeanza jana. Nesi anasema siku saba bado havijashika. Kanipa kondomu."

Mikono yangu ikasimama.

"Kondomu? Na mke wangu wa ndoa?"

"Unakumbuka nilivyotoka damu?"

Shemeji akajibu polepole.

"Nakumbuka. Zile kanga nilizifua mimi."

"Basi naogopa."

"Sasa kwa nini siku saba? Dawa si umeshameza?"

"Mwili unahitaji muda. Kidonge kimoja hakitoshi."

Shemeji akaguna. "Ahaa. Kama maji ya Madibira. Unafungulia mfereji asubuhi, jaruba la mwisho shambani bado kavu. Asiyejua anapandikiza hapohapo, miche inamkaukia."

"Ndo hivyohivyo, baba Blessing."

"Haya. Lete hizo kondomu, tusubiri maji yafike." Halafu akapaza sauti. "Na wewe shemeji huko nje! Mbona ungo umenyamaza?"

Nilipepeta, jamani! Nilipepeta mpaka mchele ukamwagika!

Leo Blessing kashapita miaka miwili. Anakimbia katikati ya masado, na mama yake hana mimba. Shemeji karudi Madibira, lakini dada anameza kila siku baada ya chakula cha jioni. Siku moja alisahau. Alimeza alipokumbuka asubuhi, na cha jioni akameza kama kawaida. Mama Ezron naye alienda kwa nesi. Kwa kuwa Ezron alikuwa bado mchanga na ananyonya, nesi kampa njia nyingine inayomfaa.

Na jana simu imelia tena! Tulikuwa tunachambua nyanya, dada kaweka spika.

"Mama Blessing, kesho nakuja. Jaruba la mwisho vipi?"

Dada akanitazama, akacheka.

"Limejaa siku nyingi. Njoo."