Maneno ya Koko Naishorua

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shule, Nashipai alikuwa na kazi moja asiyoipenda. Alipiga magoti mbele ya bibi yake, akashika kibanio kidogo cha chuma, akaanza kumng'oa kope. Kope za bibi zilikuwa zimepinda kuingia ndani, na kila alipopepesa zilimkwaruza jicho kama miiba.

"Polepole, mtoto wewe!" bibi alifoka kwa Kimaasai. "Unang'oa kope au unang'oa jicho?"

Jina lake lilikuwa Naishorua, lakini wajukuu walimwita Koko, yaani bibi. Ugonjwa wake ulikuwa vikope. Alikuwa nao kwa miaka mingi, na sasa jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu. Zahanati ilikuwepo, ila tangu wananchi waambiwe wachangie gharama za matibabu, Koko hakukanyaga tena huko.

Boma lao lilikuwa uwandani, mwendo wa saa moja kutoka kijiji cha Msowero. Zamani baba yake Nashipai, mzee Lemomo, alikuwa na ng'ombe sitini. Kisha serikali ikaacha kutoa dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe, kila mfugaji akaambiwa ajinunulie. Josho likakauka. Kupe wakaongezeka, homa ya ndigana wanayoileta ikaingia zizini, na katika misimu miwili ng'ombe wakabaki tisa.

Shuleni Nashipai hakumweleza mtu habari hizo. Alikuwa darasa la sita, na rafiki yake wa dawati moja, Naomi, alikuwa binti wa mkulima mwenye nyumba ya bati. Siku moja Naomi alimuuliza kama ni kweli Wamasai wote ni matajiri.

"Sisi tuna ng'ombe sitini," Nashipai alijibu. Tangu siku hiyo ilimbidi auchunge uongo huo kila alipofungua kinywa.

Mwezi wa saba mwaka 1996, Mwalimu Oswald aliingia darasani na mgeni, mwanamke mrefu aliyebeba mkoba uliojaa karatasi.

"Shikamoo!" darasa zima lilisalimu kwa kusimama.

"Marahaba. Naitwa Ida. Ninasoma chuo kikuu, Dar es Salaam. Shahada ya pili, katika sera na ustawi wa jamii."

Naomi alinyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Ustawi wa jamii nao unasomewa?"

Bi Ida hakucheka. "Unasomewa sana. Serikali ikisema watu wachangie matibabu na wasio na uwezo wasamehewe, lazima mtu ajue wasio na uwezo ni akina nani. Nimekuja kuwauliza watu wenyewe. Halafu mganga wa zahanati ameniomba jambo moja zaidi. Madaktari wa macho watakuja Mikumi mwezi ujao, watatibu bure wagonjwa walioorodheshwa. Kwa kuwa nitafika kila nyumba, nitamwandikia majina."

Alihitaji mkalimani kwa maboma ya wafugaji. Mwalimu Oswald alimteua Nashipai, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote. Naomi naye aliombwa kwenda kusaidia kushika karatasi.

Walizunguka maboma kumi na moja. Katika kumi, Nashipai alifasiri bila shida. La kumi na moja lilikuwa la kwao.

Ng'ombe walikuwa malishoni, na baba alikuwa nao. Koko aliketi mlangoni, machozi yakimchuruzika mashavuni. Nashipai aliinamisha kichwa kumwamkia, Koko akamgusa utosini kwa mkono, kisha wakaanza.

"Muulize, kuna ng'ombe wangapi?" Bi Ida alisema.

"Tisa, na wawili hawatamaliza kiangazi," Koko alijibu kwa Kimaasai.

Naomi alikuwa amekaa pembeni, amekodoa macho. Nashipai alimgeukia Bi Ida. "Anasema sitini."

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Siku nyingine watoto wanakunywa chai ya rangi wakalala. Mwambie."

"Anasema mara tatu."

"Kuna mgonjwa aliyeshindwa kutibiwa?"

Hapo Koko alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza macho yake, kibanio, ukungu, na aibu ya kusimama dirishani pa zahanati bila kitu mkononi. Alionyesha jicho kwa kidole. Alipomaliza alikuwa anahema.

Nashipai alimtupia Naomi jicho. Kama angesema Koko hana cha kuchangia, Naomi angeuliza, na ng'ombe sitini je?

"Anasema… anasema wote wazima. Ni moshi tu unamsumbua."

Kalamu ya Bi Ida iliandika. Koko alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Mwanamke huyu anasikiliza," alisema. "Ameandika kila kitu."

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, Mwalimu Oswald alisoma majina ya wagonjwa wa macho ili watoto wapeleke habari nyumbani. Siku ya Jumatatu wangesafiri kwenda Mikumi. Jina la Naishorua halikuwemo.

Nashipai alirudi nyumbani na hasira tele. Akajiambia kwamba kosa ni la Bi Ida. Kwani hana macho? Lakini kila hatua hasira hiyo ilimgeukia, kwa kuwa alijua nani aliyesema maneno yale.

Koko alikuwa akimsubiri. "Wamelisoma jina langu?"

"Hapana, Koko."

Bibi aliipiga ardhi kwa fimbo. "Nilimwambia yule mwanamke shida zangu zote! Nilijivua nguo mbele yake! Amezitupa!" Akamgeukia Lemomo. "Kama watu wa karatasi hawatusikii, mtoto huyu anasoma nini kwao? Asiende tena shule."

"Haendi," baba alisema. "Kesho nitakwenda mimi. Nataka anieleze usoni kwa nini amemdharau mama yangu. Nawe utakuja, unifasirie kama Kiswahili changu kitaniishia."

Asubuhi Bi Ida alikuwa ofisini kwa Mwalimu Oswald akipanga karatasi zake. Naomi alikuwa akifagia mbele ya mlango. Lemomo aliingia bila kubisha hodi.

"Wewe mama msomi! Mama yangu amekukosea nini?"

"Karibu, mzee. Sijakuelewa."

"Anapofuka! Amekwambia anapofuka, na wewe umeliacha jina lake!"

Bi Ida alipekua karatasi, akaipata ya boma la Lemomo. Akaisoma kwa sauti. "Ng'ombe sitini. Chakula mara tatu. Wagonjwa, hakuna. Moshi unamsumbua bibi." Akainua uso. "Hivi ndivyo nilivyoambiwa."

Ufagio wa Naomi ulikuwa umesimama. Lemomo alimgeukia binti yake taratibu.

"Nashipai. Koko alisema hivyo?"

Angeweza kusema ndiyo. Koko hakuwepo, na Bi Ida hakujua Kimaasai. Lakini alikumbuka jicho lenye ukungu, akaona kwamba uongo mmoja zaidi ungelifunga kabisa.

"Hapana, baba," alisema. "Alisema ng'ombe tisa. Alisema kila kitu. Mimi ndiye sikusema."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Nilikuwa nimemwambia Naomi kwamba sisi ni matajiri."

Bi Ida aliipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Maboma kumi na moja! Umenifasiria maboma kumi na moja! Sasa nitajuaje lipi ni kweli na lipi si kweli? Unajua karatasi hii inakwenda wapi? Wakubwa wataisoma, watasema wafugaji wa Msowero wanakula mara tatu, hawahitaji msamaha wowote. Si bibi yako peke yake uliyemfunga mdomo!"

Nashipai alilia, lakini naye alikuwa na hasira. "Mbona hukumwangalia? Machozi yalikuwa yanamtoka!"

"Mtoto!" Mwalimu Oswald alimkemea.

"Mwache," alisema Lemomo. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini ilikuwa na ukali. "Atapata adhabu yake kwangu. Lakini nawe, mama, ameuliza neno. Uliona machozi, ukaandika mzima? Zizi letu lina samadi ya ng'ombe sitini? Hukuliona?"

Bi Ida aliitazama tena karatasi. Alikaa. Kisha akasema, "Nililiona. Nikafuata karatasi kuliko macho yangu. Nikamwomba mtoto aseme umaskini wa kwao mbele ya mwenzake. Hilo ni kosa langu, mzee, na chuoni hawatanisifu kwa hilo." Akasimama. "Tunarudia. Yote kumi na moja. Leo."

Walitembea siku mbili juani. Safari hii Lemomo alisimama karibu, na Nashipai alifasiri akijua kuna sikio linalompima. Maboma kumi yalikuwa sahihi. La kwao liliandikwa upya mbele ya Koko, na Nashipai ndiye aliyetakiwa kumweleza yaliyotokea.

Koko alisikiliza hadi mwisho. Hakumpiga. Alimnyang'anya kibanio, akaanza kujing'oa kope mwenyewe kwa kupapasa, na kwa Nashipai hilo liliuma kuliko fimbo.

Jioni ya Jumamosi Bi Ida alikwenda zahanati. Mganga alisema orodha imefungwa.

"Ifungue," Bi Ida alisema. "Aliyekosea ni mimi na karatasi yangu. Macho ya yule mama hayana kosa. Sitoki hapa."

Hakutoka mpaka jina likaongezwa.

Jumatatu Koko, Nashipai na Bi Ida walipanda gari la asubuhi, wakapita Kilosa, wakafika Mikumi mchana. Wagonjwa walikuwa wengi mno, wameketi kwenye mabenchi barazani. Upasuaji ulikuwa mdogo. Daktari aligeuza kope za Koko zitazame nje, akashona, akamfunga bandeji. Alisema jicho la kulia litabaki zima, ila ukungu wa kushoto hautaondoka wote. Wangekuja mapema zaidi, ingekuwa afadhali.

Kesho yake bandeji zilipotolewa, Koko alimtazama mjukuu wake.

"Bado nina hasira nawe," alisema. "Nisikilize. Umaskini nimeubeba mimi, na sikuuonea haya, kwa sababu sikumwibia mtu. Wewe uliniibia. Niliazima kinywa chako kwa sababu changu hakijui Kiswahili, ukakitumia kujipamba. Mtu akikupa maneno yake uyafikishe, si yako. Huongezi, hupunguzi. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Bi Ida, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alimwomba Nashipai amfasirie. Alipoyapata maneno yote, aliyaandika kwenye daftari lake. "Hata mimi yananihusu," alisema. "Anayeandika habari za watu bila kuwaangalia naye anawaibia. Na shule, Koko? Baba yake ameniambia umemkataza."

"Aende," bibi alisema. "Akajifunze kusema kweli kwa lugha zote mbili."

Muuguzi alikuja na sahani ya dawa. Alimsafisha Koko macho, akauliza, "Bibi anajisikiaje? Tumemhudumia vizuri?"

Koko alijibu kwa kifupi, kwa sauti kali. Nashipai alisita. Alimtazama muuguzi, akamtazama Bi Ida.

"Anasema mkono wako ni mzito," alisema, "na jana ulimwumiza."

Muuguzi alishtuka, akaweka sahani chini. "Mwambie anisamehe," alisema, akaanza tena, taratibu zaidi.