Mikono Miwili ya Kushoto

Kila alipotoka shuleni, Sindano alipitia kwenye kibanda cha baba yake, fundi wa nguo, akatundika mkoba msumarini na kuanza kazi. Jina hilo binti huyo alipewa na baba mwenyewe kwa wembamba wake na ulimi wake mkali. Yeye alishona vifungo na kupinda mapindo. Kukata kitambaa na kuunga mikono ya nguo ilikuwa kazi ya Fundi, na hakuruhusu mtu aiguse. Mshono ukienda upande kidogo tu, aliufumua wote huku akijigombeza kwa sauti, na wapita njia wakacheka.

Lakini siku hizi cherehani ilikuwa kimya. Fundi aliketi mbele yake akiukodolea macho ukuta. Chakula alikigusagusa tu, usingizi ulimpaa, na mechi za redioni, ambazo zamani zilimfanya apige kelele mpaka majirani wakalalamika, hakuzijali tena.

"Baba yako kaanza uvivu," mama alisema kwa hasira.

Sindano hakukubali. Labda baba mwingine, si huyu.

"Usimwambie mtu, mwanangu," Fundi alimwomba. "Nitakaa sawa tu."

Sindano akaahidi, kisha akaamua kumsaidia kwa njia yake. Wateja walipokuja, aliwaambia Fundi ana mafua. Baba alipokwenda kujilaza nyuma ya pazia, yeye aliketi kwenye cherehani na kumalizia nguo zilizokwisha kukatwa. Alijiona hodari kwelikweli, maana hakuna aliyeshtuka.

Mpaka siku aliporudi Nesi wa zahanati ya mtaani, mmoja wa wateja hao. Aliingia amevaa gauni lake jipya la kazi, bega moja limemkaa vizuri, la pili limevutwa juu.

"Fundi, hebu nitazame," alisema akicheka. "Umeniwekea mikono miwili ya kushoto! Nitampimaje mgonjwa nikiwa nimepinda hivi?"

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja baba afoke, alichukue gauni na kulifumua papo hapo. Fundi alilitazama tu, akainamisha kichwa.

"Hata nisipokuwepo, mtapata fundi mwingine," alisema polepole. "Labda wote mtapumzika."

Akarudi nyuma ya pazia. Kicheko kikamkauka Nesi. Akamshika Sindano mkono, akamtoa mlangoni.

"Baba amekuwa hivi tangu lini?"

Sindano akatazama viatu vyake. Alikumbuka ahadi yake. Lakini maneno ya baba yalimtisha kuliko kuvunja ahadi, akamwaga yote: chakula, usingizi, redio, mafua ya uongo, hata kwamba gauni alilishona yeye.

"Umefanya vyema kusema," Nesi alimwambia. "Naona dalili za sonona. Huo ni ugonjwa, si uvivu, na unatibika. Ila mtu akianza kuzungumzia kutokuwepo, hatungoji kesho. Kimbia ukamwite mama."

Mama alipofika, Nesi alikuwa ameketi karibu na Fundi. Alimuuliza waziwazi, bila kuzunguka, "Fundi, unawaza kujidhuru?"

Machozi yalimtoka Fundi. "Nimechoka, Nesi. Hata sijui nimechoshwa na nini."

"Na mimi nakuita mvivu!" mama alisema, naye akalia.

Jioni ileile walikwenda wote hospitali kumwona daktari wa magonjwa ya akili. Fundi alipewa dawa na mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Hakupona kwa usiku mmoja. Kuna siku alitabasamu, kuna siku alirudi nyuma, lakini hakuacha kwenda, na kidogo kidogo cherehani ikaanza kulia tena.

Siku moja kibanda kikiwa kimejaa wateja, jirani yao muuza viatu, mtu wa mizaha, akapaza sauti, "Fundi, nasikia siku hizi unatibiwa kichwa!"

"Natibiwa," Fundi alijibu, macho yakiwa kwenye kitambaa. "Jumatatu narudi tena. Kama hujui mlango, tuongozane."

Watu wakaangua kicheko. Muuza viatu hakucheka. Alisubiri wateja waondoke, akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, "Jumatatu saa ngapi?"

Fundi akaacha kazi, akamvutia kiti.

Walipokuwa wakifunga kibanda jioni, Fundi alimgeukia binti yake.

"Uliponifichia siri, mwanangu, ulinipenda. Lakini uliposema, uliniokoa. Ukimwona mtu wako hali chakula, halali usingizi, wala hafurahii alichokipenda, mtafute mtu mzima unayemwamini, apelekwe kwa wataalamu. Na mtu yeyote akikutaka uahidi kuficha hatari kama ile, hata akiwa mimi, usikubali."